Neno la mwalimu na vijana wa Al Sadd

Wachezaji wa Afrika Mashariki humwita kocha wao mwalimu. Huko Al Sadd, mtaa wa Doha wenye klabu ya soka ya jina hilo hilo, mkasa wa Félix Sánchez unaonyesha kwa nini wana haki.

Mhispania huyo aliwasili Qatar mwaka 2006 kufundisha watoto katika kituo cha Aspire. Mwaka 2014 aliiongoza timu ya vijana kutwaa ubingwa wa Asia nchini Myanmar. Bao pekee la fainali lilifungwa na Akram Afif, aliyekuwa na umri wa miaka 17.

Kijana wa rika hilo huyashika maneno ya mwalimu kuliko mwenyewe anavyodhani. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza kuwa watoto waliosifiwa kwa akili walikwepa maswali magumu, na waliposhindwa wakakata tamaa upesi. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Ajabu ni kwamba kilichowadhoofisha wale wa kwanza si karipio, bali sifa.

Kushindwa kulimfika Afif mbele ya ulimwengu: Qatar, chini ya Sánchez, ilipoteza mechi zake zote tatu za Kombe la Dunia la 2022. Mwalimu akaondoka. Februari 2024 mwanafunzi alipiga penalti tatu katika fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Jordan, zote zikaingia.

Miezi michache baadaye Sánchez alikabidhiwa Al Sadd. Miongoni mwa wachezaji aliowakuta alikuwamo Afif.