Corn Ni Nafaka Gani?

Wanangu, leo nawasimulia safari ya neno moja la Kiingereza lenye herufi nne tu: corn. Mnakutana nalo kila mahali. Limo kwenye pakiti za bisi, kwenye vitabu vya mapishi, kwenye somo la historia, na hata kwenye Biblia ya Kiingereza. Muulize mwanafunzi yeyote maana yake, atakujibu papo hapo: mahindi. Jibu hilo si kosa, ila halijatimia, na anayelishika peke yake ipo siku litampoteza njia.

Tuanze na asili yake. Kabla mtu yeyote wa Ulaya hajaliona hindi kwa macho, Waingereza tayari walikuwa na neno corn. Kwao lilikuwa punje, kitu kidogo na kigumu kama mbegu. Punje walizozishika kila siku zilikuwa za chakula, kwa hiyo neno likapanuka likawa jina la nafaka za shambani. Kisha kila mahali watu wakalitumia kwa nafaka yao kuu. Mkulima wa Uingereza akisema corn, mara nyingi alikusudia ngano. Uskoti, ambako baridi na mvua huisumbua ngano, corn ilikuwa oti, ile nafaka ya kupikia uji. Waswidi nao wana neno hilohilo, wanaliandika kwa k, na kwao mpaka leo ni shayiri.

Msishangae. Hata sisi tunayo maneno ya namna hiyo. Mwambie Mtanzania kwamba mboga ya leo ni nyama, ataona umesema sawasawa. Mwambie hivyo Mkenya, atakuuliza tangu lini nyama ikawa mboga, maana kwake mboga ni sukuma wiki, mchicha na kabeji.

Sasa tuvuke Atlantiki. Mwaka 1492 Christopher Columbus alifika visiwa vya Karibi akidhani amefika pande za Bara Hindi. Wenyeji wa huko, Wataino, walikuwa na mmea wao wakiuita mahiz. Wahispania wakalichukua jina hilo, na kutoka kwao Waingereza wakapata neno maize. Lakini walowezi wa Kiingereza waliohamia Amerika Kaskazini katika karne ya 17 walikwenda na neno lao la nyumbani. Walipoona mashamba ya wenyeji, ambao Wazungu walikuwa wakiwaita Indians kwa sababu ya dhana ile ya Columbus, walisema: hii ni Indian corn, yaani nafaka ya wenyeji. Miaka ikapita, zao hilo likatawala mashamba, na watu wakaona hakuna haja ya kulitaja jina refu. Indian likadondoka, corn ikabaki. Ndiyo maana leo Mmarekani akisema corn anakusudia mahindi tu.

Huyu mgeni, yaani mahindi, alipewa majina ya ajabu kila alikobisha hodi. Waitaliano walimwita granturco, nafaka ya Kituruki. Waturuki wenyewe wanamwita mısır, na hilo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Sisi tunasema mahindi, na Hindi imo humo ndani. Kumbe mmea wenyewe ulianza kulimwa Mexico! Kila moja ya mataifa haya lilimpa mgeni jina la nchi ya mbali lililodhani ametokea.

Mkishaijua safari hiyo, mtasoma vitabu kwa macho mapya. Chukueni kisa cha Yusufu, aliyemhifadhia Farao chakula cha miaka saba ya njaa. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema aliweka akiba ya corn. Mtoto asiyejua atachora maghala ya Misri yamejaa mahindi. Zama za Mafarao, mahindi yalikuwa bado ng'ambo ya bahari, na hakuna Mmisri aliyewahi kuyaonja. Biblia ya Kiswahili inasema nafaka, na imesema kweli.

Au chukueni Corn Laws, zile sheria mtakazokutana nazo kwenye historia ya Uingereza. Mwaka 1815 Bunge lililojaa wenye mashamba makubwa lilizuia ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya Waingereza ifike shilingi 80 kwa kota, kipimo chao cha nafaka cha wakati ule. Wenye mashamba wakanufaika, mfanyakazi wa kiwandani akaumia dukani, kwa kuwa chakula chake kikuu kilikuwa mkate. Sheria hizo ziliondolewa mwaka 1846 chini ya Waziri Mkuu Robert Peel, wakati Ireland imeshikwa na njaa kali. Anayeandika kwenye mtihani kwamba Waingereza waligombania mahindi hajakosea neno tu. Mkate wa yule mfanyakazi haumo tena katika jibu lake, na mkate ndio uliokuwa kiini cha ugomvi wote.

Ile maana ya kale ya punje nayo haijafa. Peppercorn ni punje ya pilipili manga. Corned beef, ile nyama ya kopo, haina mahindi hata chembe. Corn yake ni zile chembe nene za chumvi zilizotumika zamani kuihifadhi nyama isioze.

Jikoni nako kuna mtego. Kitabu cha mapishi cha Uingereza kikitaja cornflour, kinataka wanga mtupu uliokamuliwa kwenye mahindi. Mmarekani akiandika corn flour, anataka unga wa mahindi uliosagwa laini. Vishike kwa vidole mjue tofauti. Unga wa ugali una chenga chenga. Wanga ni laini kama poda, na ukiubana unalia kwenye vidole. Koroga kijiko kimoja katika maji baridi, mimina kwenye mchuzi unaochemka, na mchuzi utakuwa mzito na wa kung'aa. Ukijaribu kuusongea ugali, utapata uji wa kunata usiokatika tonge.

Kwa hiyo mkikutana na corn, ulizeni mambo matatu: nani anasema, yuko wapi, na ni mwaka gani. Kamusi itawapa orodha ya maana, lakini kuchagua ni kazi yenu, na mtachagua vizuri mkimjua msemaji.

Haya, kitendawili! Mkulima wa Iowa, Marekani, leo anavuna corn: anavuna nini? Mkulima wa kusini mwa Uingereza, mwaka 1750, naye anavuna corn: ameshika nini mkononi? Na bibi wa London anamwonyesha daktari kidole cha mguu, analalamika kwamba corn inamuuma kila avaapo viatu. Hilo la tatu ni neno jingine kabisa, lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya pembe, likaja kufanana na letu kwa herufi tu. Tazameni kidole cha bibi, mtanijibu.