Je, Wajua? Ini Laweza Kukishinda Kijiti

Kijiti cha uzazi wa mpango huwekwa mkononi, lakini ini ndilo huvunja homoni yake.

Jijini Kampala, watafiti waliwafuatilia wanawake 20 wenye kijiti cha levonorgestreli waliokuwa wakimeza efavirenzi, dawa ya VVU. Watatu walishika mimba kabla ya mwaka kwisha! Matokeo yalichapishwa 2016. Vijiti vilikuwa vizima. Efavirenzi ilichochea vimeng'enya vya ini, na homoni kwenye damu ikawa karibu nusu ya ile ya wenzao wasiotumia dawa za VVU.

Rifampisini ya kifua kikuu nayo ina mchezo huohuo.

Na wajawazito? Kwao homoni ndiyo huweza kulishinda ini: estrojeni ikipanda, nyongo huweza kukwama ndani ya ini. Viganja na nyayo huwasha, hasa usiku, bila upele wowote. Usichelewe kwenda kliniki: mtoto aliye tumboni huweza kudhurika.