Kicheko Kiwandani: Kuitazama Upya Filamu ya Carry On at Your Convenience (1971)

Utangulizi

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuainisha ucheshi kwa majina mengi: mzaha, utani, kejeli, tashtiti, stihizai. Wingi huu wa majina si pambo. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kuwa kila jina linaonyesha uhusiano fulani baina ya anayecheka na anayechekwa. Mtani si adui, na anayemfanyia mwenzake stihizai si mtani wake. Makala haya yanakusudia kuutumia utofautishaji huo katika kuichunguza filamu moja ya Kiingereza, Carry On at Your Convenience, iliyoanza kuonyeshwa mwezi Desemba 1971. Ni filamu ya matusi mepesi inayohusu kiwanda cha vyoo, na kwa muda mrefu wahakiki hawakuiona kuwa inastahili kujadiliwa. Sisi tunaona kuwa inastahili, kwa sababu ni nadra kupata kazi ya ucheshi ambayo hadhira yake yenyewe iligoma kucheka, na sababu ya kugoma huko ikawa sehemu ya historia ya kazi hiyo.

Mfululizo na Watengenezaji Wake

Filamu za Carry On zilianza mwaka 1958 na kuendelea karibu kila mwaka hadi 1978. Moja ya nyongeza ilitolewa mwaka 1992. Mtayarishaji alikuwa Peter Rogers, mwongozaji Gerald Thomas, na nyingi za kipindi cha kati ziliandikwa na Talbot Rothwell. Zilitengenezwa katika studio za Pinewood kwa gharama ndogo na kwa haraka. Waigizaji walikuwa walewale, kiasi kwamba mtazamaji aliingia ukumbini akiwa kama anakwenda kuwatembelea jamaa. (Rothwell, kwa njia, alianza kuandika vichekesho akiwa mfungwa wa vita nchini Ujerumani, hukohuko alikutana na Peter Butterworth, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waigizaji wa mfululizo huu.)

Utamaduni uliozizaa filamu hizi ni wa zamani kuliko sinema. Ni ule wa majumba ya burudani ya makabwela wa Uingereza na wa postikadi za pwani, zile zenye picha ya mwanamke mnene, mume mdogo na maneno yenye maana mbili. George Orwell aliziandikia makala ya kitaalamu mwaka 1941, na mwaka 1954 mchoraji wake maarufu, Donald McGill, alitiwa hatiani mjini Lincoln kwa kosa la kuchapisha machafu. Tukizingatia hilo, tutaona kuwa tusi la mafumbo lilikuwa mali ya tabaka la chini, na kuwa wenye mamlaka ndio waliolichukia. Katika filamu za awali za Carry On mkondo huu unafuatwa: wanaoumbuliwa ni daktari mkuu, matroni, sajini na mwalimu mkuu. Mgonjwa aliyelala kitandani ndiye mshindi.

Lugha ya Msalani

Jina lenyewe la filamu ni fumbo. Neno la mwisho katika jina hilo lina maana ya wasaa anaoupenda mtu, na pia ni jina la heshima la choo cha umma. Mfasiri wa Kiswahili hapati taabu kubwa hapa, kwani lugha yetu imepita njia hiyohiyo: tunasema haja, tunasema kujisaidia, na neno msala limebeba mkeka wa kuswalia na mahali pa kujisitiri, bila mtu yeyote kudhani kuwa kuna kufuru. Tafsida na ujozi-maana ni ndugu: pale adabu inapoweka neno la kuazima, mzaha hupata mlango wa kupitia.

Majina ya wahusika yameundwa kwa namna hiyo. Mwenye kiwanda anaitwa W. C. Boggs, herufi za kwanza ndizo zinazoandikwa kwenye milango ya vyoo, na jina la ukoo limetokana na neno la mitaani lenye maana hiyohiyo. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ni Vic Spanner. Spana ni chombo cha fundi, lakini kwa Waingereza spana ikitupwa ndani ya mashine ndiyo mfano wa mtu anayeharibu kazi ya wenziwe. Hukumu imekwisha kutolewa kabla mhusika hajafungua kinywa. Katika fasihi yetu tunaufahamu mtindo huu wa majina yenye kubeba tabia, na tunafahamu pia udhaifu wake: mtu aliyeitwa spana hawezi kugeuka kuwa kitu kingine.

Kiini cha mzozo wa kibiashara katika filamu ni beseni la kutawazia. Msanifu wa kiwanda, Charles Coote, amelibuni. Mwana wa mwenye kiwanda, Lewis, amepata agizo kubwa kutoka ng'ambo. Mzee Boggs anakataa, kwa kuwa anakiona chombo hicho kuwa cha aibu. Hapa mtazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki hutengana na mtazamaji aliyekusudiwa. Kwa Mwingereza wa mwaka 1971 kulitaja beseni hilo tu kulitosha kuleta kicheko. Kwa mtu aliyelelewa kutawaza tangu utotoni chombo hicho hakina la kuchekesha hata kidogo. Kinachochekesha ni mzee mwenye suti, anayetengeneza vyoo kwa maelfu, kuona haya mbele ya maji. Kenneth Williams, aliyeigiza mhusika huyo, anayapanua matundu ya pua na kuuvuta usemi wake kwa kiburi, na kwa hiyo hata pale utani wa maneno usipovuka mipaka ya utamaduni, utani wa mwili unavuka.

Nani Anachekwa?

Sasa tufikie jambo lililo zito. Vic Spanner huitisha mgomo kwa sababu ndogo mno. Mara nyingine nia yake ni kupata nafasi ya kwenda kutazama mpira. Wenzake humfuata kama kondoo. Nyapara Sid Plummer, aliyeigizwa na Sid James, ndiye mtu wa busara anayesimama kati ya pande mbili, na ni yeye anayemkopesha mwajiri fedha benki zinapokataa. Fedha hizo amezipata kwa kumsikiliza kasuku mdogo wa mkewe, ambaye hulia jina la farasi atakayeshinda linapotajwa. Kiwanda, kwa maneno mengine, kinaokolewa na ndege na kamari. Kama kejeli ya ubepari ni kali, ingawa sidhani kuwa Rothwell alikusudia hivyo.

Mwaka 1971 halikuwa jambo la mchezo kuucheka mgomo. Mwanzoni mwa mwaka huo wafanyakazi wa posta walikuwa wamegoma kwa wiki kadhaa. Serikali ya Edward Heath, iliyoingia madarakani Juni 1970, ilipitisha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 1971 ili kuvibana vyama, na Januari 1972, wiki chache baada ya filamu kutoka, wachimba makaa ya mawe waligoma nchi nzima. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi walikuwa milioni 11 hivi. Hao, pamoja na wake zao na watoto wao, ndio waliokuwa wakinunua tiketi za Carry On.

Inasimuliwa mara nyingi kuwa filamu hii ndiyo ya kwanza katika mfululizo kushindwa kurudisha gharama zake kwa wakati, na kwamba ilibidi ingoje miaka kadhaa hadi mauzo ya ng'ambo na ya televisheni yalipoifidia. Maelezo yanayotolewa ni kuwa wafanyakazi walikasirika. Yapo mashaka ya haki juu ya maelezo haya. Mwaka 1946 kumbi za sinema za Uingereza ziliuza tiketi zaidi ya bilioni moja na nusu; kufikia 1971 hazikufika hata milioni 200. Aidha, filamu ya ndugu Boulting, I'm All Right Jack ya mwaka 1959, ilimcheka mwakilishi wa wafanyakazi, Fred Kite, na ikapendwa sana. Lakini tofauti ni kubwa. Katika filamu ile waajiri ni walaghai wa wazi, na Kite, kama alivyoigizwa na Peter Sellers, ana ndoto, ana kisomo chake cha kuungaunga, ana nyumba inayomhuzunisha. Anacheka naye mtazamaji hata anapomcheka. Spanner hana ndoto yoyote.

Kanuni ya utani, kama inavyojulikana katika jamii zetu, ni kujibiwa. Anayetania huikubali zamu ya kutaniwa. Filamu ya 1971 inaivunja kanuni hiyo: mfanyakazi anatupiwa neno, naye hapewa nafasi ya kulirudisha. Kwa istilahi zetu, utani umegeuka kuwa stihizai, japokuwa sauti ni ileile na nyuso ni zilezile.

Wanawake na Mlango wa Chloe

Mgomo unavunjwa na wanawake. Agatha Spanner, mama yake Vic, anawaongoza wenzake, na anamchapa mwanawe matakoni kama mtoto, mbele ya watu. Onyesho hili linachekesha, na hapana haja ya kujidai kuwa halichekeshi. Hata hivyo mwaka 1968 wanawake washonaji wa viti katika kiwanda cha Ford huko Dagenham walikuwa wamegoma wao wenyewe, na mgomo wao ulichangia kupatikana kwa Sheria ya Malipo Sawa ya 1970. Mwandishi aliyetaka mwanamke wa kiwandani alikuwa na kielelezo hai mbele yake. Alichagua mama mwenye kiganja. Na katika seti hiyohiyo ya Pinewood, kwa mujibu wa masimulizi yanayorudiwa sana, waigizaji wakuu wa kiume walipewa pauni 5,000 kwa filamu na wa kike karibu nusu ya hizo.

Sehemu iliyo bora ni safari ya kampuni kwenda Brighton. Mgomo unasitishwa ili watu wasiikose safari, na kwa siku moja mwajiri na mwajiriwa wanakunywa pamoja ufukweni, katika nchi ya zile postikadi. Mzee Boggs, amelewa, anaangukia mikononi mwa karani wake, Bibi Withering, ambaye jina lake lina maana ya kunyauka na ambaye usiku ule anachanua. Hapa kile Bakhtin alichokieleza kuhusu karnivali kinaonekana bila kulazimishwa: vyeo vinavuliwa kama koti, kwa muda uliopangwa, na asubuhi vinavaliwa tena vikiwa na maumivu ya kichwa.

Baada ya safari, Sid na jirani yake Chloe Moore, aliyeigizwa na Joan Sims, wanafika mlangoni. Kila mmoja ana ndoa yake isiyo na joto. Kwa filamu nzima wamerushiana maneno ya mafumbo. Ingeweza kuwa chai, na baada ya chai jambo jingine. Majirani watasemaje? Kicheko maarufu cha Sid James, kile cha kikohozi na mchanga, hakisikiki. Maneno yenye maana mbili yameisha, imebaki maana moja, na ndiyo hiyo hawawezi kuitamka. Kila mmoja anaingia kwake. Katika filamu iliyowanyima wafanyakazi haki ya kujibu, hawa wawili wanapewa dakika chache za kuwa watu wazima, na Sims anazitumia kwa macho tu, akiwa amesimama karibu na kitasa.