Bibi Anayelea Mjukuu, na Ubatizo wa Mtoto



Katika somo hili twaeleza jambo linalowasumbua wazee wengi wa Bukavu na wa vijiji vya kandokando yake. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, pamoja na mapigano yaliyoufikia mji mwezi wa Februari 2025, vimeacha watoto wengi mikononi mwa babu na bibi. Wengine wamefiwa na wazazi wao. Wengine, baba yao amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga wala harudi. Wengine walizaliwa na mama waliotendewa jeuri vitani. Bibi huwalisha kwa mihogo na maharage ya shamba lake. Lakini akiwaza habari ya ubatizo, huingiwa na hofu: mimi si mzazi, je, nitapokelewa?

Twajibu: Utapokelewa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, yataka mtoto mchanga abatizwe kwa ridhaa ya mzazi mmoja walau, au ya yule anayeshika kwa haki mahali pa wazazi. Basi, ikiwa mama yu hai na aweza kupatikana, mwulize kwanza. Ikiwa wazazi hawapo tena, nawe ndiwe mlezi, neno lako latosha. Tena yatakiwa pawe na tumaini kwamba mtoto atafundishwa dini. Na tumaini hilo ni wewe mwenyewe, unayesali naye jioni.

Je, mtoto asiyejulikana baba yake aweza kukataliwa? Hasha! Dhambi ni ya aliyetenda jeuri, si ya mama, wala si ya mtoto. Jina la baba asiyejulikana haliandikwi katika kitabu, na ubatizo ni uleule, haupungukiwi kitu.

Je, bibi aweza kuwa mama wa ubatizo pia? Kanisa lakataza baba na mama wa mtoto tu. Hata hivyo twawashauri mchague Mkristu mwingine aliye kijana zaidi, aliyetimiza miaka 16 na kupata Kipaimara, ili mtoto asibaki peke yake siku Mungu atakapokuita.

Wazazi mlio mbali, jihadharini! Bibi hawaondolei wajibu wenu. Pelekeni msaada, nanyi rudini kuwatazama watoto wenu. Na majirani, mchoteeni maji yule mzee; mikono yake imechoka.

Mtume Paulo alimkumbusha Timoteo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi. Kumbe, askofu yule alipata imani nyumbani, kwa mwanamke mzee. Basi, bibi, usione haya. Mwendee katekista wako juma hili, ukamwambie habari za mtoto.

Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Mama Maria, mtuombee. Amina.