Maktaba Kuu ya Taifa: Kitabu cha Kutunzwa na Kitabu cha Kuazimwa

Maktaba ya taifa hutofautiana na maktaba nyingine kwa kuwa sheria huipa wajibu wa kukusanya na kuhifadhi machapisho ya nchi, mazuri na mabaya, hata yale ambayo hakuna msomaji aliyeyaulizia. Nchini Tanzania wajibu huo uko mikononi mwa Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya mwaka 1975, na ambayo Maktaba Kuu yake jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru.

Msingi wa kazi hiyo ni nakala za lazima, yaani nakala ambazo mchapishaji hutakiwa kuzikabidhi kila atoapo chapisho jipya. Bodi hiyohiyo ndiyo igawayo ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu popote duniani, ambayo kwa vitabu vya Tanzania hubeba tarakimu kama vile 9976 au 9987. Manufaa ya utaratibu huu hayaonekani sana katika vitabu mashuhuri, ambavyo hata hivyo hupatikana vyuoni, bali katika vijitabu na magazeti ambayo watu wakishayasoma huyafungia maandazi. Gazeti la Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, lilikoma katika miaka ya 1970, na mtafiti anayetaka kujua wakazi wa Dar es Salaam walibishania nini wakati huo, na kwa Kiswahili cha namna gani, hana budi kutegemea nakala zilizonusurika. Kunusurika kwenyewe si jambo jepesi, kwa kuwa karatasi ya gazeti ina asidi inayoifanya igeuke manjano na kumeguka, na joto na unyevu wa pwani huharakisha uharibifu huo, achilia mbali mchwa.

Jukumu lingine la maktaba hiyo, la kukuza usomaji, huvutia upande wa pili, maana kitabu cha kumbukumbu hakitoki nje ya jengo, ilhali kitabu cha kumzoesha mtoto kusoma sharti kiazimwe, kishikwe na wengi na hatimaye kichakae. Ndiyo sababu akiba ya nakala za lazima hutengwa na rafu za kuazimisha. Hata hivyo vitabu vingi vya Kiswahili huchapwa kwa idadi ndogo na havirudiwi, kwa hiyo nakala ya kuazimwa ikishachakaa haina mbadala sokoni, na msomaji wa kawaida hujikuta akielekezwa kwenye nakala ileile iliyowekewa vizazi vijavyo.