Uma Tuliouweka Kushoto

Ramadhani iliyopita, kamati yetu iliandaa futari ya familia katika ukumbi wa msikiti. Kwa kutaka kuwakirimu wageni, tulipanga meza kwa mtindo wa hoteli: sahani katikati, uma kushoto, kisu kulia, glasi juu ya kisu. Baada ya tende na sala ya Magharibi, mtoto mmoja wa miaka kama sita aliuchukua uma pale alipoukuta, akauchoma muhogo na kuupeleka kinywani kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja akamkemea mbele ya watu. Mtoto akainama, na hakula tena.

Tulijitazama kwa haya. Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa letu sisi tuliouweka uma pale.

Kula kila mtu na sahani yake si tatizo. Suratun-Nur, aya ya 61, imeturuhusu kula pamoja au mbalimbali. Lakini mpangilio ule wa Kizungu umekusudiwa mtu anayekata kwa kulia na kula kwa kushoto, ilhali Mtume (s.a.w.) ametukataza kula na kunywa kwa mkono wa kushoto. Naye alipomwona Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, mkono ukizunguka katika sahani, alimfundisha palepale kwa upole: amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye.

Basi, enyi wazazi wenzetu, meza nayo ifundishe. Kijiko na uma viwekwe pamoja upande wa kulia wa sahani, na glasi mbele yake, upande uo huo. Nyama ikatwe vipande jikoni, ili kisu kisihitajike. Na pilau inapoliwa kwa mkono, kiwekwe kitambaa kando ya kila glasi. Kwani wengi wetu hunywa kwa kushoto kwa kuchelea tu kuipaka glasi mafuta.

Mwaka huu, inshaallah, ndivyo tutakavyopanga. Na akikosea mtoto, aliyeketi karibu naye amnong'oneze, wala asimpigie kelele. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na vizazi vyetu. Amin.