Hesabu ya Stenti kwa Mtu wa Nuu

Mtu wa Nuu, kaunti ya Kitui, akirudi kutoka Nairobi na stenti kifuani, yaani kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wa moyo wazi, mbuzi wameshauzwa, ndengu zimeshauzwa, na mchango wa ukoo umeshaisha. Hakuna mwenye hamu ya kusikia gharama nyingine. Lakini mshipa wa moyo uliozibuliwa unaweza kubana tena, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Puto dogo linaloingizwa kuupanua huuchubua ukuta wake, nao hujiponya kama ngozi iliyokatwa: huota kovu, na kovu likizidi hula nafasi ya damu. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ni ile ya miaka miwili, pamoja na nauli.

Pesa nyingi huokolewa au kupotea katika uchaguzi wa stenti yenyewe. Daktari Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mara ya kwanza mjini Zurich, Septemba 1977, hakuacha kitu ndani. Kwa puto peke yake, takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu alibanwa upya katika miezi sita. Stenti ya chuma tupu, iliyowekwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1986, ilipunguza hali hiyo hadi mmoja kati ya wanne au watano. Stenti zinazotoa dawa polepole zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2002, na za siku hizi zimeishusha chini ya mmoja kati ya kumi. Ukiambiwa chuma tupu ni nafuu, jumlisha kuzibuliwa mara ya pili, kitanda cha pili, na safari nyingine ya kutoka Nuu hadi Mwingi kisha kilomita kama 170 hadi Nairobi. Zamani chuma tupu kilitetewa kwa kuwa mgonjwa alimeza vidonge kwa muda mfupi. Utetezi huo umekwisha, maana hata mwenye hatari ya kutokwa damu sasa anaweza kuwekewa stenti mpya ya dawa na kupunguziwa muda wa vidonge. Mwenye kisukari, au mwenye mshipa mwembamba ulioziba sehemu ndefu, asikubali chuma tupu kabla ya kuuliza mara mbili.

Bei za stenti si za mbinguni. Februari 2017 serikali ya India iliweka kikomo: rupia 7,260 kwa stenti ya chuma tupu na 29,600 kwa ya dawa, na baadhi ya bei zikashuka kwa hadi asilimia 85. Stenti zilikuwa zilezile. Kwa hiyo omba hospitali ikuandikie stenti kando na ada ya chumba cha matibabu, ya daktari na ya kitanda. Uliza bei uliyopewa ni ya stenti moja au mbili, maana mshipa wa pili ukigunduliwa mezani, familia huulizwa papo hapo, na papo hapo hakuna anayelinganisha chochote.

Bima nayo ipangwe mapema. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kisha hulipa kwa mwaka, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Mkulima wa Nuu ni afadhali azitoe baada ya kuuza ndengu kuliko kuzitafuta akiwa kitandani. Kabla ya tarehe ya matibabu, apate idhini ya SHA kwa maandishi pamoja na kiasi atakachobaki kulipa mwenyewe. Wanaofikiria kutibiwa India waongeze pasipoti, viza, tiketi mbili na malazi ya msindikizaji.

Sasa vidonge, na hapa naomba mtu asibane matumizi hata kidogo. Aspirini ndogo na klopidogreli havizuii kovu. Kazi yake ni kuzuia damu isigande juu ya chuma, na damu ikiganda mshipa huziba kwa dakika, si kwa miezi. Baada ya mshtuko wa moyo, viwili hivyo humezwa pamoja kwa kawaida miezi 12. Bila mshtuko, kama miezi sita. Kisha aspirini huendelea. Usiviache bila daktari wa moyo kusema, hata kama ni kwa ajili ya kung'oa jino. Klopidogreli isiyo na jina la kampuni kubwa, ikiwa imesajiliwa, hufanya kazi ileile kwa bei ndogo zaidi. Nunua ya miezi mitatu kwa safari moja. Tumbo likiwaka, usijinunulie omeprazoli, kwa sababu hudhoofisha klopidogreli; uliza pantoprazoli.

Pa kuokoa pesa papo. Asiye na maumivu hana haja ya kupigwa picha ya mishipa kila mwaka ili kutazama stenti. Pesa hizo zinunue statini za kupunguza kolesteroli na dawa za presha, zilipie kipimo cha sukari, naye aache sigara na ugoro.

Kifua kikianza kubana tena ukipanda mlima au ukibeba maji, mara nyingi hilo ni kovu, na tiba zipo. Kuna puto lililopakwa dawa, lisiloacha chuma kingine. Marekani ililiidhinisha kwa kazi hii mwaka 2024. Kuna stenti ya pili ndani ya ile ya kwanza, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi. Na kuna upasuaji wa kupachika mishipa mipya, ghali siku ya kulipa, lakini kwa mwenye kisukari na mishipa mitatu mibovu mara nyingi ndio unaodumu. Maumivu yakija umekaa tu, jasho baridi likikutoka, hayo si ya kusubiri siku ya soko: tafuta gari la Mwingi saa hiyohiyo, na ubebe kadi ya stenti yenye tarehe ilipowekwa.